Mkanda gani wa nyeusi na nyeupe kwa picha za mtaani Mwanza? Maswali ninayoulizwa kila siku

Nikipita Makoroboi na kamera ya zamani shingoni lazima mtu anisimamishe. Wengine wanadhani nauza, wengine wanashangaa tu, "hii bado inafanya kazi?", ila siku hizi kuna vijana kadhaa wameshapata kamera zao, za marehemu babu, za mnadani, za kuachiwa na mjomba, na wote wanakuja na swali lilelile: niweke mkanda (filamu) gani? Nimelijibu nimesimama juani mara nyingi mno, leo nimekaa nimeliandika. Nimeandika kwa ajili ya huku kwetu, mtu wa Lushoto na ukungu wake atajua mwenyewe apunguze wapi aongeze wapi.

Kwa kifupi tu, ninunue upi?

HP5 Plus wa Ilford, ISO 400 (ISO ni namba ya wepesi wa mkanda kushika mwanga, ikiwa kubwa unahitaji mwanga mdogo). Ukiukosa chukua Tri-X 400 wa Kodak. Hela ikigoma chukua Kentmere 400 au Fomapan 400. Basi, unaweza kuacha kusoma hapa ukaenda kupiga picha. Ila ukinunua huo huo halafu nyuso za watu zikatoka nyeusi tii usije ukasema nimekudanganya, rudi usome swali la nne.

Mbona yote uliyotaja ni 400? Jua letu hili kali, si 100 ingetosha?

Jua kali ndiyo, lakini watu hawakai juani. Hebu simama Mlango Mmoja saa sita mchana uangalie, kila mtu yuko chini ya mwavuli, chini ya turubai, kwenye kibaraza cha duka, ndani ya daladala, hata bodaboda wamejibana kwenye kivuli cha mti mmoja kumi na mbili. Sisi tuko digrii 2 na nusu tu kusini mwa ikweta kwa hiyo mchana jua liko utosini kabisa na kivuli chake ni kizito, ukivuka kutoka juani kuingia kivulini unapoteza stopu 3 mpaka 4 kwa hatua moja. (Stopu moja ni mwanga kukatika nusu, au kuongezeka mara mbili ukirudi.)

Kanuni ya wazee ni kwamba kwenye jua kamili unaweka tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) na shata, yaani muda wa mwanga kuingia, inakuwa moja chini ya namba ya mkanda wako, kwa 400 ni kama 1/500 ya sekunde. Ukiingia kivulini na mkanda huohuo unakuwa kwenye 1/250 na f/5.6, bado unaweza kumdaka mtu anatembea. Sasa fanya hivyo na mkanda wa ISO 100, kivulini unashuka 1/60, miguu ya watu inakuwa moshi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Ya pili ni fokasi. Mtaani huna muda wa kuzungusha lenzi huku mtu anapita, unaiweka mapema mita 3 unaiacha hapohapo. Na lenzi ya milimita 35 kwenye f/8, kila kitu kutoka kama mita 2 mpaka mita 7 kinakuwa safi. Lakini f/8 inataka mwanga, na mwanga huo mkanda wa 400 ndio unaokupa. FP4 Plus wa Ilford, ISO 125, ni mzuri sana na mimi naupenda, ila naupeleka kwenye mawe ya Bismarck, mawe hayatembei.

HP5 na Tri-X, tofauti yake nini hasa?

Ndogo kuliko kelele zinazopigwa. Tri-X ni mzee, ulianza 1940 kwenye zile shiti kubwa (vipande bapa vya filamu), mwaka 1954 ukaja wa milimita 35, na ukawa mkanda wa waandishi wa habari dunia nzima. HP5 Plus ni wa 1989 ingawa ukoo wake ni wa zamani zaidi, unatengenezwa Mobberley kule Uingereza. Tri-X una ukali zaidi, weusi wake ni weusi kweli na chembechembe zake, zile punje ndogo za picha, zinaonekana wazi. HP5 umepoa kidogo, unatoka na kijivu kingi.

Kwenye picha za nchi zenye mawingu watu wanausifia Tri-X kwa sababu unaongeza ukali pale ambapo mwanga hauna ukali. Sisi ukali tunao wa kugawa. Ukichanganya mwanga wa saa saba mchana wa hapa na mkanda mkali unapata picha ya vipande viwili tu, cheupe na cheusi, katikati hakuna kitu. Ndiyo maana mimi nasema HP5 kwanza, siyo kwamba ni bora, ni kwamba unapooza. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, hapo naweka Tri-X na nafurahi kweli.

Mbona nyuso za watu zinatoka nyeusi hazionekani?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni vionjo tu.

Mita ya kamera haijui uso wala dagaa. Inachojua ni wastani, inachukua kila kinachoonekana inakisogeza kwenye kijivu cha kati. Ukiwa na ngozi nyeusi kama zetu, mbele ya ukuta mweupe au ziwa linalometa, mita inaona ule weupe inasema mwanga ni mwingi, inapunguza, uso unaenda na maji.

Nikupe mfano. Nilikuwa mwaloni Igombe, pale wanaposhushia samaki, saa nne asubuhi, dagaa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu eneo kama nusu uwanja wa mpira, wanang'aa kama bati jipya. Mama mmoja anawageuza kwa fagio, kajitanda kanga kichwani, na uso wake wote umo ndani ya kivuli cha hiyo kanga. Mita ikaniambia 1/500 na f/16. Nikaiamini. Negativu (mkanda uliokwisha safishwa) ilipotoka dagaa ungeweza kuwahesabu, mmoja mmoja na macho yake, ila pale penye uso wa mama palikuwa plastiki tupu. Yaani peupe, kioo, hakuna hata chembe. Na mahali ambapo mkanda haukushika kitu hata ufanyeje kwenye kompyuta hakuna cha kuvuta.

Nikarudi wiki iliyofuata. "Shikamoo mama." "Marahaba, picha yangu iko wapi?" Nikamwambia haikutoka. Akaniangalia mimi, akaiangalia kamera, akasema "kumbe limzigo lote hilo halina kazi" akaendelea kufagia. Safari hii nikaomba nisogee karibu, nikapima mwanga pale usoni peke yake nikaacha kuwasikiliza dagaa, nikaweka 1/250 na f/8. Hizo ni stopu 3 zaidi ya mara ya kwanza. Dagaa wakatoka weupe kupita kawaida lakini bado unaona ni dagaa, na uso ukakaa, mikunjo ya pembeni ya jicho ipo, hata jasho la juu ya mdomo lipo.

Somo lake ni kwamba mkanda wa nyeusi na nyeupe unasamehe mwanga ukizidi, hausamehe ukipungua. Kinyume kabisa na kamera za dijitali. Kwa hiyo pima kivuli, pima uso, palipo na jua pataishi penyewe. Kama hutaki hesabu, danganya kamera, mkanda ni 400 wewe weka 200, safisha kama kawaida, umejiongezea stopu moja ya usalama kwenye kila picha. Mimi HP5 ya mchana natembea nayo hivyo mwaka mzima. Na ukipima uso mweusi kwa karibu kabisa ujazo mzima wa fremu, hapo mita nayo inakosea upande wa pili, inataka kuufanya uso uwe kijivu, kwa hiyo punguza kama stopu moja. Ukishindwa yote pima kiganja chako ukiwa kwenye mwanga uleule halafu ongeza stopu moja, kiganja unacho siku zote.

Fomapan na Kentmere ni feki?

Siyo feki, acheni hizo. Foma ni kiwanda cha Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki, na Kentmere unatengenezwa na Harman, haohao wenye mikanda ya Ilford. Ni mikanda ya bei nafuu, basi. Fomapan 400 usiuamini hiyo 400, uweke 200 utakushukuru. Kentmere 400 uko freshi mchana ila usiku taa zinakuwa na ukungu wa mwanga pembeni yake, wengine wanaupenda, mimi naona kama lenzi imepakwa mafuta ya nazi. Kwa mtu anayeanza nasema bora mikanda mitano ya Kentmere kuliko miwili ya Tri-X, maana mikanda ya mwanzo utaharibu tu, hilo halina mjadala.

Ukishazoea kuna roli kubwa la mita 30 na nusu, unajikatia mwenyewe mikanda 18 hivi ya picha 36. Inabidi uwe na kile kikopo cha kujazia na makasha matupu, lakini ndiyo njia ya kupumua.

Na T-Max 400 wa Kodak au Delta 400 wa Ilford?

Mizuri, chembechembe laini, ila inataka usafishaji wa uangalifu, dakika na joto visiyumbe. Na bafuni kwangu joto linayumba. Pita.

Studio ya picha mtaani kwetu si inasafisha mikanda? Nipeleke huko?

Uliza kwanza, uliza mara mbili, halafu uliza anayesafisha mwenyewe siyo anayepokea. Mimi nilipeleka mkanda studio moja hapa mjini, sitaitaja, nikamwambia kijana wa kaunta huu ni wa nyeusi na nyeupe, akasema "haina shida bro". Wakautia kwenye mashine ya dawa za rangi. Zile dawa za rangi zina hatua inayoondoa fedha yote kwenye mkanda, na picha ya nyeusi na nyeupe ni fedha hiyohiyo, hakuna kingine. Niliporudi nikakabidhiwa mkanda msafi kama mfuko wa plastiki, picha 36 za pale kivuko cha Kamanga zimekwenda, na kijana ananiambia "kamera yako haikupiga". Nikalipa na hela ya kusafisha.

Kuna mkanda mmoja tu unaoweza kupita kwenye hizo mashine za rangi, XP2 Super wa Ilford, ISO 400, umetengenezwa makusudi kwa dawa hizo. Kama una studio ya rangi unayoiamini na hutaki kugusa dawa, chukua huo na usione aibu. Unapenda mwanga wa kutosha, ukiuweka 200 unalainika vizuri na nyuso zetu unazibeba kweli. Ila unabaki mikononi mwa studio, na studio zenye mashine hai zinapungua.

Nikisafisha nyumbani nahitaji nini?

Tanki la kusafishia, mfuko mweusi wa kuingiza mikono (au choo kisicho na dirisha usiku wa manane umeziba chini ya mlango kwa kanga, nimefanya hivyo miaka miwili), kipimajoto, dawa ya kutoa picha na dawa ya kuzuia isiendelee kubadilika, yaani fiksa. Katikati unaweza kutumia siki nyeupe uliyoichanganya na maji, au maji tu.

Shida yetu ni joto. Karatasi zote za maelekezo zinaongea nyuzi 20, maji ya bomba Mwanza mchana yako kwenye 25 hivi. Watu wanahangaika na barafu. Unaweza, weka chupa zako kwenye beseni lenye vipande vya barafu usubiri, ila mimi nimechoka, natumia nyuzi 24 na nakata muda. HP5 kwenye ID-11 (dawa ya kutoa picha ya Ilford) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ni dakika 13 kwa nyuzi 20, kwa nyuzi 24 inashuka karibu dakika 9. Usitumie dawa nzito isiyochanganywa kwenye joto hili kwa mkanda wa kawaida, muda unakuwa mfupi sana, chini ya dakika 5 picha inatoka na mabaka kwa sababu dawa haikupata muda wa kutulia. Muhimu zaidi ya yote, joto la dawa zote na maji ya kusuuzia lilingane, usitoe mkanda kwenye 24 ukautupa kwenye maji ya barafu.

Kukausha sasa. Funga madirisha! Kuna zile siku wadudu wa ziwani wanapanda kutoka majini kama moshi, ukiwaona kwa mbali unadhani kuna kitu kinaungua kisiwani. Nilianika mkanda wangu uani jioni kama hiyo, asubuhi nikakuta kila fremu ina mdudu wake kakaukia palepale, na hawatoki, ukimsugua unatoka na picha. Bafuni, mlango umefungwa, umemwaga maji sakafuni kidogo vumbi litulie.

Usiku je? Nataka kupiga wachoma samaki na mama lishe.

HP5 hiyohiyo, weka 1600 kwenye kamera halafu safisha kwa muda mrefu zaidi. Kwa ID-11 isiyochanganywa maji ni dakika 14 kwa nyuzi 20, na hapa dawa nzito inafaa kwa sababu muda ni mrefu. Lakini tuelewane, kupushi mkanda, yaani kuupandisha namba hivyo, hakuongezi mwanga ambao haukuingia. Kivuli kitabaki cheusi, kinachopanda ni vile vilivyopigwa na taa. Kwa hiyo usiku msogelee mtu aliye karibu na balbu, au mkaa wenyewe, msubiri ainame kupuliza moto. Na mkanda mzima uwe 1600, huwezi kupiga nusu mchana kwa 400 na nusu usiku kwa 1600 halafu ukaomba dawa itenganishe.

Delta 3200 wa Ilford upo, jina linasema 3200 ila kasi yake halisi ni kama 1000, chembechembe kama mchele wa chenga, bei yake inauma. Harusini sawa. Na mchana hauna kazi kabisa, jua la saa sita lingetaka shata ya 1/4000 kwenye f/16 na kamera nyingi za zamani zinaishia 1/500 au 1/1000.

Filta ya njano ina maana au ni mapambo?

Ina maana kama kuna anga kwenye picha. Inatia giza bluu, mawingu ya juu ya ziwa yanasimama. Inakula kama stopu moja. Nyekundu inakula stopu 3, mtaani utalia. Barabarani kwenyewe, Makoroboi au Kirumba, anga haionekani kwa mabango na nyaya, ivue.

Mikanda naipataje na naitunzaje?

Wengi tunaagiza kupitia mtu anayekuja kutoka Nairobi, Dar au nje. Mwambie asiweke kwenye begi la kupakia chini ya ndege, mashine za eksirei za huko ni kali. Abebe mkononi aombe wakague kwa mkono, hasa kuanzia ISO 800 kwenda juu, na zile mashine mpya za kuzungusha picha pande zote zinaharibu mkanda wowote ule. Ukiipata weka kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Ukitoa usifungue hapohapo, iache saa moja au mbili, huku unyevu wa ziwa utaganda juu yake kama chupa ya soda. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari, naomba.

Mikanda iliyopitwa na tarehe ya nyeusi na nyeupe inavumilia kuliko ya rangi, na ya ISO ndogo inavumilia zaidi kuliko ya ISO kubwa. Ukiokota ya zamani iongezee mwanga na usiipige harusi ya mtu.

Watu wakikataa kupigwa?

Wakikataa wamekataa. Salimia kwanza, mkubwa kwako mpe shikamoo yake, mzee wa Kisukuma mwambie mwangaluka uone anavyocheka. Mimi mara nyingi napiga moja ya ghafla halafu naenda kuongea, akisema hataki siitumii. Mtoto, namtafuta mzazi. Askari, kituo, bandari na geti lolote lenye mlinzi, kamera shingoni na mikono mfukoni, kipande cha picha hakistahili kushinda benchi kutwa nzima. Na ukiahidi picha ipeleke. Yule mama wa Igombe nilimpelekea yake imechapwa saizi ya daftari, akaitazama muda mrefu akaniambia "sasa hii ndo mimi", kisha akaniuliza mbona sikumpiga akiwa amevaa vizuri.

Mbona usitumie simu tu ukaweka nyeusi na nyeupe?

Tumia, sina ugomvi. Mimi tu napenda kwamba nina picha 36 na zikiisha nimeisha, narudi nyumbani.